Pindo la Vidole Vinne

9 Februari

Kobe wangu,

Za siku nyingi? Natumaini u mzima, unakula, na hujaanza kuongea na kuta. Mimi sijambo, isipokuwa miguu imevimba kama mikate na kila asubuhi natapika nikisikia harufu ya sabuni. Na kazi yangu unaijua, ni sabuni tupu. Anayefua mashuka ya hoteli nzima atamkimbilia nani?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunifai hata kidogo. Nikiuliza habari, nzuri. Nikiuliza umekula, ndiyo. Baada ya hapo nasikiliza unavyopumua mpaka salio linaisha. Lakini karatasi unaiweza. Nakumbuka mwalimu alivyokuwa akisoma insha zako mbele ya darasa huku wewe umeinamisha kichwa chini ya dawati kama unatafuta kitu kilichoanguka.

Haya, kaa chini. Umekaa? Nina mimba, mdogo wangu. Inaingia mwezi wa tano. Daktari amepima, anasema ni msichana, na Mungu akipenda atafika mwishoni mwa Juni au mapema Julai. Shemeji yako anatembea kifua mbele utadhani yeye ndiye anayetapika.

Sasa nina ombi. Mama mkwe ameshaanza kuzungukazunguka, leo ananiletea machungwa, kesho ananisimulia jinsi jina lake lilivyo zuri. Najua anakoelekea. Lakini mimi nataka mtoto huyu achukue jina la bibi. Alitulea sisi wawili tangu mama alipofariki, na sikuja kumzika. Nilinyimwa ruhusa kazini, unajua, lakini kujua hakuniondolei kitu hapa kifuani. Nikimwita mwanangu jina lake kila siku, nitakuwa kama nimefika.

Wewe ndiye uliyebaki naye hadi mwisho, kwa hiyo ruhusa natafuta kwako. Nijibu upesi kabla machungwa hayajanishinda.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi sijambo. Wewe hujambo? Huyo aliye tumboni naye hajambo? Msalimie sana shemeji.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, halafu nikaisoma tena kwa sauti nikiwa nimekaa kitandani kwa bibi. Nilitaka na kitanda nacho kisikie. Usinicheke.

Nimefurahi mpaka nikatoka nje kutafuta wa kumwambia. Nikamwambia yule mama anayeuza mkate pale kona. Nilisema tu, "Dada yangu ana mimba." Akanitazama, akasema, "Kumbe unaongea?" Nikanunua mkate nikarudi ndani.

Uliniuliza hali yangu nami kwenye simu nilisema nzuri. Siyo mbaya. Chumba ni kilekile. Cherehani nimeifunika kwa shuka, kitini bado kuna ule mto wa bibi wenye shimo la umbo lake, na chaki zake zipo kwenye kopo dirishani. Nimepata kazi kwenye karakana ya sare za shule, ile yenye geti la bati. Tupo wanawake wengi na mashine zinalia pamoja, kwa hiyo hakuna anayegundua kama umenyamaza. Hiyo imenisaidia.

Kinachonisumbua ni mlango. Watoto wanakuja kugonga. Unakumbuka bibi alivyokuwa akimshonea mtoto nguo, anaacha pindo pana chini, kisha anamwambia, "Ukirefuka urudi nikushushie." Hakuwa akidai kitu kwa kushusha. Sasa wamerefuka, wanarudi. Nawasikia wanaita, "Bibi Fundi! Bibi Fundi!" Wengine hawajui kwamba amefariki. Mimi nakaa kimya kabisa ndani, sisogezi hata kikombe, mpaka waondoke. Najua si vizuri. Sijui niwaambie nini.

Sasa kuhusu jina. Dada, tafadhali usilipokee vibaya nitakalosema.

Bibi alikataa. Mwaka jana nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano, macho yake yalikuwa yameshachoka, nikamwambia kwa utani kwamba nikipata binti nitampa jina lake. Akasimamisha mguu kwenye cherehani. Akaniambia kwamba lile jina halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, aliyekufa mdogo kabla yeye hajazaliwa. Alisema, "Mama yangu alipokuwa akiniita, nilikuwa naona macho yake yananipita, yanamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu. Nimezeeka nikigeuka kuangalia." Halafu akasema, "Jina hili nizikwe nalo. Mtoto apewe jipya, ambalo halijavaliwa na mtu." Akaendelea kushona.

Sikuwahi kumwambia yeyote kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nisamehe. Najua ulilitaka sana.

Kunywa maji na uweke miguu juu ya kitu.

Mdogo wako


10 Machi

Kobe,

Salamu. Hatujambo.

Nimeisoma barua yako. Nimeelewa. Miaka yote niliyoishi na bibi hakuwahi kunitajia dada aliyekufa, hakuwahi kusema jina lake ni zito, ila wewe alikwambia, mkiwa wawili tu, na sasa hayupo wa kuulizwa. Sisemi unadanganya. Nasema tu kwamba umelifungia jina la bibi kabatini kama shuka la wageni, na mimi ndiye mgeni.

Kama una kinyongo kwa sababu sikuja mazishini, ungesema hivyo. Ingenitosha. Ulipokea watu peke yako, najua, najua. Hakuna siku ninayoamka bila kulijua hilo.

Mama mkwe amefurahi. Mtoto atachukua jina lake. Limeisha.

Dada yako


14 Aprili

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na mtoto, na kwamba kutapika kumekoma. Mimi sijambo.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Nikiandika kwamba sina kinyongo inaonekana kama ninacho. Kwa hiyo nitakwambia ilivyokuwa. Siku ya mazishi watu walinishika mkono mmoja baada ya mwingine na kila mmoja aliuliza, "Mkubwa wako yuko wapi?" Mimi nikawajibu, "Yuko njiani." Nilijua hauko njiani. Lakini nilivyozidi kulisema, ndivyo na mimi nilivyoanza kutazama barabarani. Hicho siyo kinyongo, Dada. Nilikuwa nakutamani tu.

Naomba nikusimulie jambo la karakana, utaona kwa nini.

Wiki iliyopita walinipa kukata sketi kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo nilikuwa nashona vifungo tu. Bosi alinipa jora la kitambaa cha bluu na kipimo. Nikakata. Nilikuwa makini sana, nilitaka aone kwamba naweza. Nikamaliza jora lote. Alipokuja kuhesabu, sketi zilikuwa pungufu, na kitambaa kimekwisha. Akachukua moja akaipima. Akachukua nyingine. Mashine za karibu zikasimama.

"Hili pindo la kumfunika nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeacha vidole vinne chini ya kila sketi. Sikukusudia. Mkono wangu haujui pindo jingine. Karakana inakunja kidole kimoja tu, inapiga mshono, basi. Mtoto akirefuka mzazi anunue nyingine.

Nikasema, "Ni la kushushia, mtoto akirefuka." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mle ndani.

Bosi akasema, "Binti, sisi tunauza sketi. Hatuuzi na mwaka kesho." Watu wakacheka. Anayekaa jirani yangu tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye naye akadakia, "Bosi mwache, huyo anashonea twiga!" Wakacheka zaidi. Mimi nikatamani nikunjwe nishonewe humohumo.

Nimerudishwa kwenye vifungo.

Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka kitu. Nimevaa sare moja ya shule miaka mitatu, na hakuna aliyejua. Kila mwanzo wa muhula bibi alikuwa akifumua pindo, anapiga pasi ile alama ya mkunjo, anashona upya. Wewe pia ulivaa hivyo. Kila mtoto wa mtaa huu amevaa hivyo. Bibi hakuwa na maneno mengi kunizidi mimi, hakutwambia anatupenda hata siku moja, lakini alikuwa anatushonea na mwaka kesho.

Kwa hiyo nimefikiri, na naomba usikasirike, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Jina lake alilikataa, ila kazi yake hakuikataa. Mtoto angeitwa Pindo.

Sijawahi kumsikia mtu mwenye jina hilo. Ndiyo maana nimelipenda. Ni jipya, halijavaliwa. Kila akiitwa, mimi na wewe tutajua ni nani anayekumbukwa, na mtoto hatakuwa na mtu nyuma yake. Atakuwa peke yake mbele.

Najua jina la mama mkwe limeshakubaliwa. Nimeliandika tu ili nisikae nalo mwenyewe.

Mdogo wako


8 Mei

Kobe,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea. Mimi ni tumbo lenye miguu.

Samahani kwa barua ile ya Machi. Nilimwandikia mdogo wangu kama namwandikia mdeni. "Yuko njiani" nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kusimama uani.

Sasa sikiliza vituko. Nilisoma lile jina mezani, kwa sauti. Shemeji yako akapaliwa na chai. "Pindo?" Mama mkwe akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Mwanangu, mtu anampaje binadamu jina la ukingo wa nguo? Na wa pili aitwe Kifungo?" Shemeji yako akasema, "Wa tatu Zipu." Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, mara Kola, mara Mfuko wa Nyuma. Na mimi nilicheka, Kobe, nakwambia kweli. Niliwaza mtoto amesimama darasani, mwalimu anaita "Pindo!" na darasa zima linaangalia chini.

Kwa hiyo hapana. Ni wazo la upendo na nimeliona, lakini mtoto anatakiwa kuishi na watu. Limebaki jina la mama mkwe.

Nimesimamishwa kazi hadi nijifungue. Nakaa nyumbani mchana kutwa, na huku watu hawaingiliani, kila mlango umefungwa. Shemeji yako anatoka asubuhi anarudi jioni. Mama mkwe anakuja na machungwa yake, anakaa, anaondoka. Nimeanza kuongea na kuta mimi, siyo wewe. Na sina cha kuvaa. Nguo zote zimenikataa. Juzi nilitoa lile gauni la rangi ya zambarau alilonishonea bibi nikiondoka, nikalivuta, likakwama kiunoni. Nikakaa kitandani nalo limekwama hivyohivyo, nikalia kama mtoto.

Unakumbuka siku ile? Nimesimama mlangoni na begi, na yeye hakunyanyua hata kichwa. Alinitupia gauni kama anamtupia mteja msumbufu, akasema, "Chukua," akageukia cherehani yake akaanza kukanyaga. Niliondoka na mlio ule mgongoni. Mtu akinifanyia hivyo leo nitajua amenichoka. Halafu nahangaika kumtafutia jina! Labda ni bora ilivyokuwa.

Jitunze. Na wafungulie hao watoto mlango, hawaumi.

Dada yako


19 Mei

Dada yangu,

Natumaini miguu imepungua na usingizi unakuja. Mimi sijambo. Naandika haraka kwa sababu nataka barua hii iwahi kutoka leo.

Siku uliyoondoka nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya cherehani, ndiyo maana hukuniona vizuri. Nilikuwa nimejificha ili nisikuage, kwa kuwa nilijua nitalia. Kutoka pale chini nilikuwa naona sindano. Dada, cherehani haikuwa na uzi. Alikuwa anakanyaga bure. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwenye kipande cha kitambaa kitupu, inatoboa tu. Alikanyaga mpaka sauti ya gari ikaisha, kisha akalaza kichwa juu ya mkono wa cherehani.

Nilikuwa mdogo, nilidhani amesahau uzi.

Jambo la pili ni hilo gauni. Wakati analishona nilimuuliza kwa nini ameacha kitambaa kingi ubavuni, maana hapo huwa anakata. Akasema, "Anaondoka mwembamba. Hatarudi hivyo." Nikadhani anamaanisha utakwenda kula vizuri. Nimeielewa jana, niliposoma kwamba limekukwama.

Fanya hivi. Ligeuze ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni, wa kulia na wa kushoto, uanzie kwapani ushuke. Utaona mishono miwili iliyoenda sambamba. Wa ndani ndio unaokubana. Usikate kwa mkasi mkubwa, tumia wembe, kata uzi mmoja, ruka kidogo, kata mwingine, halafu vuta taratibu. Wa nje usiuguse kabisa, huo ndio utakaokushika. Ukimaliza, lipige pasi na maji kidogo.

Sikwambii haya kwa ajili ya jina. Nakwambia kwa ajili ya kiuno.

Mdogo wako


22 Julai

Dada yangu,

Hujambo? Naomba nisikie kwamba hujambo.

Juni imepita na Julai inakwenda zake. Nimepiga simu, haipatikani. Nimepiga ya shemeji, inaita hadi inakata. Labda nimeandika namba vibaya, sina mwingine wa kumuuliza. Kila nikitoka karakana napita posta, yule karani wa dirishani sasa hasubiri niseme, akiniona tu anatikisa kichwa.

Natafuta la kukueleza ili barua hii isiwe ya kuuliza tu. Niliwafungulia watoto mlango. Alikuja msichana mmoja mwenye magoti makubwa, gauni limempanda juu, akaita Bibi Fundi kama wote. Nikafungua kidogo. Nikamwambia bibi amefariki. Akasimama, akaangalia gauni lake, akaniuliza, "Sasa pindo langu?" Nikamwambia aingie. Nilivua shuka kwenye cherehani. Ilikuwa ngumu kidogo, nikaitia mafuta. Sikukaa kwenye mto wa bibi, niliuweka kitandani. Nilipofumua nilikuta mshono wa bibi, mdogomdogo, umenyooka, na kitambaa cha ndani bado kina rangi ya zamani, ile kabla ya jua. Nilikitazama mpaka mtoto akauliza kama kuna tatizo.

Tangu hapo wanakuja. Bado siongei sana. Wao wanaongea.

Dada, sitaki tena habari za jina. Mwite utakavyo, hata Zipu. Niambie tu kwamba upo. Usiponijibu, nitaendelea kuwaambia watu uko njiani.

Mdogo wako


11 Agosti

Kobe wangu, mdogo wangu, roho yangu,

Nipo. Nipo mzima, na mtoto mzima. Nisamehe. Nililazwa kabla ya siku, presha ilipanda, nikakaa wodini muda mrefu kabla na baada, na simu yangu iliingia maji, na shemeji yako mwenyewe alikuwa kama ameingia maji, hata simu yake hakuipokea. Barua yako ya Julai nimeikuta nyumbani. Nimeisoma mlangoni na begi bado mkononi.

Sasa nakusimulia kwa mpangilio.

Ile ya Mei ilinifika mchana, niko peke yangu. Nilipofika pale pa uzi nikaacha kusoma. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikasoma tena. Miaka yote, Kobe. Miaka yote nimebeba ule mlio mgongoni, kumbe ni mwanamke anakanyaga bure ili asigeuke.

Nikatoa gauni. Nikaligeuza. Ilikuwa kama ulivyosema, mishono miwili, na katikati yake kitambaa kimekunjwa kimya, vidole vinne kila upande. Zambarau ya ndani ilikuwa mbichi, ya nje imeshapauka kama mimi. Sikuwa na wembe. Nikaanza kwa kisu cha matunda, ndipo mama mkwe akaingia na machungwa.

Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Nikamwambia yote, na la sindano. Akaketi. Hakucheka safari hii. Akavaa miwani akavuta gauni magotini kwake, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa nje, akasema, "Huyu mama alikupima ukiwa na tumbo, na tumbo ulikuwa huna." Kisha akaninyang'anya kisu: "Toka, utalichana." Akafumua yeye, ubavu mmoja mpaka mwingine, polepole, uzi baada ya uzi.

Lilinikaa, Kobe. Lilinikaa kama nimepimwa asubuhi ile. Nilikwenda nalo hospitali na nililivaa siku ya kutoka. Muuguzi mmoja alinishika begani akaniuliza, "Nani fundi wako?" Nikaushika ule ubavu wa gauni nikainama, akadhani naumwa, akaenda kuita mwenzake.

Walipokuja kuuliza jina la mtoto, mama mkwe alikuwa amekaa upande wa kichwa changu. Nilisema la kwanza Pindo, la pili la kwake. Nikafumba macho kusubiri. Tulipofika nyumbani alinuna siku mbili nzima, anapika kwa kishindo, sufuria zinagongana. Siku ya tatu mtoto analia nami niko bafuni, nikamsikia kule chumbani anabembeleza: "Pindo, Pindo wee, nyamaza, bibi yupo." Alipoona nimesimama mlangoni akasema, "Limemkaa, basi. Usinitazame hivyo."

Shemeji yako bado anaulizia Kifungo.

Ana miguu mirefu na hapendi kelele. Mtu akiingia anaficha uso kwenye kwapa langu. Nadhani unamjua anafanana na nani.

Sijui lini tutakuja. Nataka kukwambia mwaka huu lakini sitaki tena kuwa mtu aliye njiani. Labda akianza kutembea. Labda akianza kusoma. Kazini wanasema watanirudisha nusu siku tu, safari ni ndefu, ukweli ndio huo. Lakini nimemwambia habari zako, kwa hiyo mwandikie mwenyewe, nitamsomea. Na jifunze kuweka saini yako mpya. Wewe si mdogo wa mtu tu sasa.

Dada yako, Mama Pindo


30 Agosti

Mpendwa Pindo,

Hujambo, mwanangu? Umelala vizuri? Umekunywa maziwa? Mimi sijambo. Mwambie mama yako nimefurahi, na kwamba karani wa posta alipoona bahasha alinipungia mkono tokea mbali, na watu kwenye foleni waligeuka kunitazama, nami sikujificha. Nilijificha kidogo tu. Mpe salamu na bibi yako aliyelifumua gauni. Mwambie nimemshukuru kwa kutolichana.

Hatujaonana. Naandika chumbani kwa bibi yetu, kwenye meza ya cherehani, mchana wa Jumapili. Majirani wamezima redio, watoto hawajaja kugonga leo, na huwa sipendi Jumapili kwa sababu hiyo. Lakini leo nilikuwa na kazi yako.

Nimekushonea gauni. Sikuwa na kipimo chako, nilikata kwa kukuwazia. Kitambaa ni cha njano, nilikichagua mwenyewe dukani na nilimwambia muuzaji ni cha mtoto wangu, akaniuliza jina, nikamtajia. Akasema hajawahi kulisikia. Nikamwambia ndiyo, ni jipya.

Mama yako akilifungua asishtuke, halijakosewa. Juu ni la mtoto mchanga, lakini ndani ya pindo nimekunja kitambaa mara mbili, na ubavuni pia, kote nilikoweza. Bosi wangu angepiga kelele. Ukirefuka, mama yako afumue mkunjo wa kwanza, halafu wa pili. Nimeshona kwa mishono mirefu ili asipate shida, na kisu cha matunda asikitumie.

Ikiwa mkunjo wa mwisho utafika na bado hatujaonana, lirudishe gauni kwa posta, nami nitaongeza kitambaa.

Sijui utakuwa mrefu kiasi gani siku utakayogonga mlango huu. Ndiyo maana nimeacha pana.

Mama yako mdogo